Kimea na Ufundi wa Kuokoa

Togwa ya Kihesa, mjini Iringa, haianzii jikoni. Huanzia kwenye ulezi uliolowekwa usiku kucha, ukachujwa maji, ukafungwa ndani ya gunia lililoloana na kuwekwa mahali pasipo na upepo mpaka uote. Baada ya siku mbili au tatu, anayefungua gunia hilo hakuti tena punje mojamoja. Vijizizi vyeupe vimesukana kiasi kwamba akiinua konzi moja, robo ya gunia inafuata mkono, na ndani yake mna joto la kweli, hata asubuhi ya Juni ambapo Iringa nzima inatembea na makoti. Hicho ndicho kimea. Kitaanikwa juani mpaka kikauke, kitafikichwa mizizi ianguke, kitasagwa, na vikombe vichache vya unga wake vitatiwa kwenye sufuria ya uji wa mahindi uliopoa hadi kuwa vuguvugu. Wanywaji huisifu togwa kwa utamu wake na kwa ule ukali unaokuja nyuma ya utamu. Mimi naisifu kwa sababu nyingine. Kazi hii ya mikono imesimama juu ya ustadi mkongwe kuliko kilimo chenyewe: ustadi wa bakteria wa kuokoa vipande vya DNA na RNA vilivyokwisha kutumika, na kuvirudisha kazini bila kuvitengeneza upya. Nitadai kwamba mpishi mzuri wa togwa ni yule anayejua kuwalisha waokozi hao, na kwamba sehemu ya kazi yake inayostahili heshima kubwa kuliko zote ni ile isiyoonekana na mnywaji, yaani kimea.

Tuanze na wanaoishi ndani ya togwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wakiongozwa na Mugula, walishirikiana na wenzao wa Norway, na mwaka 2003 wakachapisha orodha ya vijidudu walivyovipata katika togwa ya Tanzania. Alikuwemo Lactobacillus plantarum, ambaye alitawala uchachu ulipokolea, walikuwemo L. brevis, L. fermentum, Pediococcus pentosaceus na Weissella confusa; na pembeni yao hamira za aina kadhaa. (Mwaka 2020 wanasayansi waliigawa jamii ya Lactobacillus katika jamii nyingi ndogo, kwa hiyo baadhi ya majina haya yamebadilika vitabuni, nitabaki na yale ya zamani kwa sababu ndiyo yaliyozoeleka.) Hawa wote wanaishi kwa kugeuza sukari kuwa asidi laktiki, na ndani ya saa 24 wanaushusha uji mpaka pH iliyo chini ya 4, mahali ambapo vijidudu vingi vya kuhara haviwezi kustawi. Habari hiyo inajulikana. Isiyosemwa sana ni kwamba ili bakteria mmoja awe wawili, wawili wawe wanne, na usiku mmoja sufuria ijae mamilioni, sukari haitoshi. Kila anayegawanyika lazima anakili DNA yake yote na ajenge RNA mpya kwa wingi. Katika bakteria anayekua kwa kasi, RNA peke yake huchukua karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ukimwondoa maji, na DNA huongeza asilimia 3 hivi. Nyuzi hizo zote zimeundwa kwa nukleotidi, na kila nukleotidi ina vitu vitatu: besi, sukari ndogo na fosfati. Swali la kiuchumi la kila bakteria ndani ya togwa ni hili: nukleotidi hizo atazipata wapi?

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kutengeneza kila kitu kuanzia mwanzo. Kutengeneza nukleotidi ya purini, kundi la adenini na gwanini, bakteria huanza na sukari yenye fosfati iliyokwisha kutiwa nguvu, inayoitwa PRPP kwa kifupi, halafu huijenga besi juu yake kipande kwa kipande: naitrojeni kutoka kwa glutamini, kaboni kutoka kwa glisini, kaboni nyingine kutoka kwa folati, naitrojeni nyingine kutoka kwa aspateti. Hatua ni 10 au 11 kutegemea kiumbe, kila hatua ina kimeng'enya chake na jeni yake, na gharama haipungui molekuli 4 za ATP, ile sarafu ya nishati ndani ya seli. Njia ya pili ni kuokota besi iliyokwisha kuundwa na mwingine, kuikutanisha na PRPP hiyohiyo, na kuiunganisha kwa hatua moja tu. ATP inayohitajika kwa hatua hiyo ni sifuri. Sasa weka hesabu hiyo ndani ya sufuria ya togwa. Seli ya mwili wetu, ikiwa na oksijeni, huvuna ATP kama 30 kutoka kwenye molekuli moja ya glukosi. L. plantarum, anayechachusha, huvuna 2. L. fermentum, L. brevis na Weissella huvuna 1. Kwa hiyo purini moja iliyojengwa kuanzia mwanzo inamgharimu L. fermentum faida yote ya glukosi nne au zaidi, wakati purini iliyookotwa inamwachia glukosi hizo kwa kazi nyingine. Kwa kiumbe mwenye pato dogo namna hiyo, kuokoa si tabia ya ziada. Ndiyo njia ya kuwahi kujaza sufuria kabla ya wengine.

Na tusidhani kuokota ni jambo la kubahatisha. Kuna jeni maalumu kwa kila besi. Jeni iitwayo upp huelekeza kutengenezwa kwa kimeng'enya kinachoshika urasili na kuipachika sukari na fosfati. Jeni ya apt hufanya hivyo kwa adenini, na dada zake, hpt na gpt, kwa haipozanthini (besi nyingine ya purini) na gwanini. Jeni ya tdk humpa bakteria uwezo wa kuchukua thaimidini nzima, besi pamoja na sukari yake, na kuiongezea fosfati tu. Jeni ya deoD huja na kimeng'enya kinachofanya kazi ya kutenganisha: hukata besi kutoka kwenye sukari ili kila kimoja kipelekwe kinapohitajika. Fundi seremala anayeingia katika nyumba inayobomolewa na kuutoa mlango pamoja na fremu yake bila kuupasua anatumia akili tofauti na ya anayeranda ubao mpya, lakini hakuna atakayesema anatumia akili ndogo. Anapaswa kujua ni wapi mlango ulipigwa misumari, na ni fremu ipi utaingia. Vimeng'enya hivi vina utambuzi wa aina hiyo. Kile cha urasili hakishiki adenini. Kile cha adenini hakigusi thaimini. Tofauti kati ya besi moja na nyingine wakati mwingine ni atomu chache tu, na kimeng'enya huzihisi.

Kati ya vyote kimoja kinanivutia kupita vingine, na kinapatikana hasa kwa jamaa hawa wa maziwa na togwa. Mwaka 1952 mtafiti MacNutt alieleza kwamba bakteria wa Lactobacillus wanaweza kuhamisha sukari ya DNA kutoka besi moja kwenda besi nyingine. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hushika nukleosidi moja, yaani besi pamoja na sukari yake, hung'oa besi hiyo, huishikilia sukari bila kuiachia ielee, halafu hupachika besi nyingine mahali palepale. Maana yake ni kubwa. Bakteria akipata aina moja tu ya nukleosidi ya DNA, pamoja na besi tupu zinazoelea, anaweza kujitengenezea aina nyingine kwa kubadilishana. Kimeng'enya hiki kimechunguzwa kwa L. leichmannii, kwa L. helveticus na pia kwa L. fermentum, ambaye tumekwisha kumkuta ndani ya togwa. Leo wanakemia hukitumia kutengeneza nukleosidi za dawa ambazo kwa njia za kawaida za maabara zingehitaji hatua nyingi. Kiumbe asiyeweza kupumua, anayeishi kwenye uji, ndiye aliyewapa.

Ushahidi wa jinsi uokozi huu ulivyo na nguvu ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mwaka 1948, Mary Shorb huko Marekani alikuwa akimtumia bakteria wa jamii hii, L. lactis Dorner, kama kipimo: bakteria huyo hakui mpaka apewe kitu fulani kilichomo kwenye ini, kitu hichohicho kilichowaponya wagonjwa wa upungufu wa damu. Kipimo chake kiliwasaidia wanakemia wa kampuni ya Merck kukitenga kitu hicho mwaka uleule, nacho ni vitamini B12. Lakini kipimo kilikuwa na tundu moja. Bakteria alikua vilevile, bila vitamini yoyote, iwapo alipewa thaimidini. Jibu lilikuja kueleweka baadaye. Katika bakteria hawa B12 ni msaidizi wa kimeng'enya kinachogeuza vipande vya RNA kuwa vya DNA. Ukimpa bakteria vipande vya DNA vilivyo tayari, haja ya kugeuza inaondoka, na haja ya vitamini inaondoka nayo. Kilichokuwa kero kwa wapimaji kinatuambia jambo la msingi: kwa viumbe hawa, kipande kilichookolewa kinaweza kuamua kati ya uhai na kifo.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye gunia la ulezi. Punje kavu imefunga akiba yake yote: wanga, protini, na RNA na DNA ya seli zilizoijaza. Ikipata maji na kuanza kuota, huachia vimeng'enya vinavyoivunja akiba hiyo ili mche uile. Wanga huvunjwa kuwa sukari, na hili kila mpishi analiona kwa macho. Uji mzito wa mahindi, ambao mwiko husimama ndani yake, ukitiwa unga wa kimea hulegea taratibu mpaka unatiririka, bila kuongezwa hata tone la maji. Lakini katika saa zilezile za kuota, nyuzi za RNA na DNA nazo hukatwa kuwa nukleosidi na besi. Watengenezaji wa bia wanalijua hili kwa uchungu, kwa sababu purini zilizomo ndani ya bia hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye kimea cha shayiri, na ndiyo sababu mojawapo ya wagonjwa wa jongo kuonywa juu ya kinywaji hicho. Japani kuna bia ambazo huondolewa purini makusudi. Ulezi hauoti kwa kanuni nyingine. Kwa hiyo kikombe cha kimea kinachomiminwa kwenye uji ni kikombe cha sukari na pia ni kikombe cha vipande vilivyokatwa tayari, na wanaovisubiri ni wale wenye upp, apt na kile kimeng'enya cha kubadilishana.

Ndiyo maana wakati wa kukitia kimea ni jambo la ufundi mkubwa kuliko linavyoonekana. Kikitiwa kwenye uji unaochemka, vimeng'enya vyake vyote hufa kwa dakika chache, na bakteria walioshikamana na unga hufa navyo. Uji utabaki mzito, na kesho yake utakuwa umeharibika badala ya kuchacha. Kikitiwa kwenye uji uliopoa kabisa, hasa kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kazi huenda polepole mno, na wageni wasiotakiwa hupata nafasi ya kuingia kabla ya asidi kutosha. Mpishi hungoja uji uwe vuguvugu. Wengine hugusa sufuria kwa nje, wengine huchovya kidole, wengine huangalia utando unavyojikunja juu ya uji unapopoa. Kipimajoto kingeonyesha kati ya nyuzi 35 na 40 hivi. Wakati wa baridi sufuria hufunikwa, huviringishwa blanketi au gunia, na kusogezwa karibu na mafiga yenye majivu ya moto, kwa sababu kimeng'enya cha kuokoa, kama kimeng'enya chochote, hupoteza kasi kadiri joto linavyopungua.

Nako kuna mbegu, yaani kikombe cha togwa ya jana kinachobakizwa ili kuanzisha ya leo. Kwa kawaida huelezwa kwamba mbegu huleta bakteria walio hai, na ndivyo ilivyo. Lakini togwa iliyolala imejaa pia bakteria waliokufa kwa asidi yao wenyewe, pamoja na hamira zilizopasuka, na miili hiyo inamwaga kila kilichokuwemo. Sehemu ile ya tano ya uzito, ile RNA yote, inarudi sokoni. Hata bakteria aliye hai hachoki kufanya uokozi ndani ya mwili wake mwenyewe: ujumbe wa RNA unaosomwa ili kutengeneza protini hudumu dakika chache tu, hukatwakatwa, na vipande vyake huongezewa fosfati na kuandikwa ujumbe mwingine. Kizazi cha leo cha togwa, kwa hiyo, kimejengwa kwa sehemu na kizazi cha jana, kwa maana ya atomu hasa. Anayebakiza kikombe kimoja chini ya ndoo anajua kwamba togwa ya leo itawahi, na ina sababu za kuwahi zaidi ya ile moja inayotajwa.

Atatokea msomaji wa baiolojia na kupinga. Atasema kwamba L. plantarum, mtawala wa togwa iliyokolea, ana jeni kamili za kutengeneza purini na pirimidini (kundi la urasili na thaimini) kuanzia mwanzo. Hahitaji kuokota chochote, na kwa hiyo sifa ninayoimwagia kimea imezidi. Pingamizi hili lina uzito na nusu yake ya kwanza ni kweli. Lakini kuwa na jeni hakumaanishi kuitumia. Bakteria wenye njia zote mbili huwa na swichi zinazoifunga ile ya gharama mara tu bidhaa inapopatikana bure. Kwa Escherichia coli, ambaye amechunguzwa kuliko wote, protini ya PurR hushika haipozanthini au gwanini na kwenda kukaa juu ya DNA mbele ya jeni za purini ili zisisomwe. L. plantarum naye hupunguza usomaji wa jeni zake za pirimidini pale urasili inapokuwepo. Kiumbe angekuwa hana haja na vipande vya bure, asingejenga mitambo ya kuvihisi na kufunga kiwanda chake kwa ajili yavyo. Na ukweli mwingine usisahauliwe: togwa si ya mtu mmoja. Uchachu huanza na wengi, na wale wenye pato la ATP moja hawawezi kusubiri.

Kama bado kuna shaka kuhusu nguvu ya uokozi, maabara za hospitali zinalo jibu, na wataalamu wake wanalazimika kulikumbuka. Dawa ya kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin, huwaua bakteria kwa kuziba njia ya folati, hivyo wanakosa uwezo wa kutengeneza thaimini ya DNA. Anayepima kama kijidudu cha mgonjwa kinaogopa dawa hii hukipanda kwenye sahani ya agari ya Mueller-Hinton, huweka kidonge chembamba cha dawa juu yake, na kesho yake hupima upana wa duara ambamo hakuna kilichoota. Agari ikiwa na thaimidini nyingi, mambo huharibika. Bakteria huiokota thaimidini, huipa fosfati, na kuendelea kukua mbele ya dawa ambayo ndani ya mwili wa mgonjwa ingewaua. Ndiyo maana kila toleo la agari hukaguliwa kwa aina maalumu ya Enterococcus faecalis, na duara lake lisipofikia milimita 20 agari hiyo hairuhusiwi kwa kipimo hiki. Jeni ya kuokota inaweza kumdanganya daktari. Sioni ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba vipande vilivyookotwa hubeba maisha mazima.

Pingamizi la pili ni la kimaadili zaidi, na hulisikia mara nyingi kwa sura tofauti. Kwamba kuokoteza ni unyonge. Kwamba kiumbe aliyepoteza jeni za kujitengenezea amejishusha hadhi, na anayetegemea makombo hana la kusifiwa. Nalikataa. Chembe nyekundu za damu yetu zilizokomaa haziwezi kutengeneza purini hata moja kuanzia mwanzo. Zinaishi kwa kuokoa. Watoto wa kiume wanaozaliwa bila kimeng'enya cha kuokoa haipozanthini na gwanini hupata ugonjwa ulioelezwa na Lesch na Nyhan mwaka 1964, wenye asidi ya yuriki kupita kiasi, misuli isiyotii na watoto kujiuma midomo na vidole bila kuweza kujizuia. Ubongo ulioumbwa kwa ajili ya fikra zetu zote unategemea kimeng'enya cha aina ileile anayoitumia bakteria wa togwa. Hata adui yetu wa kila masika ana hesabu hiyohiyo: kijidudu cha malaria hakijui kutengeneza purini na huiba haipozanthini ndani ya chembe nyekundu, ila kwa pirimidini kimefanya kinyume, kimeacha kuokota na kutegemea kutengeneza. Pengo hilo ndilo lililotumiwa na dawa ya SP, inayoziba njia ya folati kama Septrin, na ambayo Tanzania iliitumia kama dawa ya kwanza ya malaria kuanzia 2001 hadi ilipopisha dawa ya mseto ya ALu mwaka 2006, na ambayo bado hupewa wajawazito kliniki. Kijidudu hicho kingekuwa na kimeng'enya cha kuokoa thaimidini kama bakteria wa kawaida, SP isingekuwa na mahali pa kushika. Kwa hiyo asiyejua kuokoa ndiye aliyejiweka hatarini hapo.

Pingamizi la tatu linawahusu wapishi wenyewe, na ndilo ninalotaka kulijibu kwa uangalifu. Wanasema: anayepika togwa Kihesa hajui upp wala apt, hajawahi kusikia habari ya purini; basi anafuata mazoea tu, na ufundi ni jina kubwa mno kwa mazoea. Wanaosema hivyo wanachanganya kujua jina la kitu na kujua kitu. Anayeotesha kimea anajua kwamba kisipoota cha kutosha uji hautalegea, na kikiota kupita kiasi majani yatakuwa marefu, unga utakuwa na uchungu na nguvu yake itakuwa imekwisha kuliwa na mche. Anajua ulezi mkongwe uliokaa ghalani misimu kadhaa hauoti wote, na kwamba ule unaoletwa kutoka pande za Rukwa na Songwe lazima ujaribiwe konzi moja kabla ya kuloweka debe. Anajua jua linalokausha bila kuchoma. Kila moja ya maarifa hayo ni hukumu juu ya vimeng'enya, inayotolewa kwa kidole, kwa pua na kwa ulimi, na hukumu ikikosewa hasara ni yake siku hiyohiyo sokoni. Wanasayansi walipokuja hawakuanza upya, walijifunza hapa. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walichapisha njia ya kuandaa chakula cha watoto kwa unga wa nafaka zilizooteshwa, na mwaka 1990 wakaandika jinsi watoto wa kijiji cha Luganga walivyoupokea uji huo. Mwaka 1994 Lorri na Svanberg walionyesha kwamba watoto wa vijiji vya Tanzania waliokuwa wakila uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wasioula. Miaka hiyohiyo mkoa wa Iringa ulikuwa na mpango mkubwa wa lishe, uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulioanza mwaka 1983 na kufika vijiji 168, na ulionyesha duniani kote kwamba utapiamlo unaweza kupunguzwa kwa maarifa ya vijijini yakipewa nafasi. Kuokoa ni pamoja na kutambua kilichokwisha kutengenezwa vizuri na mwingine, na watafiti hao walikuwa na macho hayo.

Bado ipo hatari moja ambayo anayesifu hana ruhusa ya kuificha, nayo inatoka ndani ya uokozi wenyewe. Anayeokota anaweza kuokota sumu. Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, walianza kazi yao kwa kumtumia L. casei, jamaa wa karibu wa bakteria wetu, wakitafuta besi za bandia. Mwaka 1951 Elion alitengeneza moja iitwayo 6-merkaptopurini. Kwa sura inafanana na haipozanthini, na kimeng'enya cha kuokoa huishika, huipa sukari na fosfati, na hapo ndipo inapogeuka kuwa sumu kwa seli iliyoichukua. Hadi leo hutumika kutibu watoto wenye saratani ya damu. Dawa hiyo haimgusi kiumbe aliyepoteza kimeng'enya cha kuokota. Humdhuru yule tu anayeokota kwa bidii. Ufundi wa kuokoa, kwa hiyo, hauwezi kutenganishwa na ufundi wa kukagua.

Kwa mpishi wa kimea ukaguzi huo una sura ya ukungu. Unyevu na joto vinavyoiamsha punje huamsha pia Aspergillus, na aina zake kadhaa huacha sumukuvu ndani ya nafaka. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Moto wa jikoni hauimalizi, na mtu asijidanganye kwamba kuchachusha kutafanya kazi ambayo moto umeshindwa. Kinga iko mwanzoni, kabla ya maji: ulezi hupepetwa, hutandazwa kwenye ungo, na punje zilizovunjika, nyeusi au zilizotobolewa na wadudu huondolewa kwa vidole, kwa sababu kuvu hupenya kwa urahisi pale ganda lilipopasuka. Maji ya kulowekea hubadilishwa. Gunia la kuoteshea hufuliwa na kuanikwa kila baada ya kazi, maana gunia chafu hupandikiza ukungu wa wiki iliyopita kwenye ulezi wa wiki hii. Siku ya tatu gunia linapofunguliwa, kinachotazamwa kwanza ni rangi: mizizi iwe myeupe, isiwe na vumbi la kijani wala manjano katikati yake, na harufu iwe ya majani mabichi, isiwe ya chumba kilichofungwa. Kikionekana kingine, hakichambuliwi ili kuokoa nusu. Chote humwagwa mbali na kuku, na ulezi mwingine hulowekwa jioni hiyohiyo, ingawa wateja wa kesho watakosa togwa.